Rubani Mgeni na Kituo Chake cha Kazi katika Mashirika ya Ndege ya Kikanda ya Marekani

Katika usafiri wa anga wa Marekani, kituo cha kazi cha rubani ni uwanja wa ndege ambako kila mzunguko wa safari zake huanzia na kuishia, na ambako huhesabiwa kuwa ameingia kazini pale tu anaporipoti kwa ajili ya safari ya kwanza. Ufafanuzi huo wa kimkataba una tokeo moja zito. Mwajiri hulipia hoteli na posho ya kujikimu rubani akiwa nje ya kituo, lakini kwa kawaida hana wajibu juu ya namna rubani anavyofika kituoni wala mahali anapolaza ubavu akiwa hapo. Anayeishi dakika ishirini kutoka uwanjani na anayeishi majimbo matatu mbali husomwa na mkataba kama watu walio sawa, na tofauti yote iliyopo baina yao hubebwa na mifuko yao, usingizi wao na familia zao. Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, ambako shirika la ndege aghalabu huwa na kituo kimoja kikuu na rubani huishi jijini humo pasipo mjadala, suala hili laweza kuonekana dogo. Katika nchi ambayo bara lake pekee lina kanda nne za saa, na ambako shirika moja laweza kuwa na vituo zaidi ya kumi, ndilo suala linaloamua kama miaka ya mwanzo ya kazi itavumilika.

Mashirika ya kikanda yanayozungumziwa hapa ni yale yanayorusha ndege ndogo za jeti kwa niaba ya mashirika makubwa, chini ya majina ya biashara kama vile American Eagle, Delta Connection na United Express. Envoy, PSA na Piedmont ni mali ya kundi la American; Endeavor ni mali ya Delta; Horizon iko chini ya kundi la Alaska; ilhali SkyWest, ambayo makao yake yako St. George katika jimbo la Utah, inajitegemea na huwarushia American, Delta, United na Alaska kwa pamoja. Ukubwa wa ndege zao haukuamuliwa na soko peke yake, bali na mikataba kati ya mashirika makubwa na vyama vya marubani wao, ambayo huweka ukomo, kwa kawaida viti 76 na uzito wa kuruka wa ratili 86,000, yaani takriban tani 39, ili kazi ya ndege kubwa zaidi isihamishiwe kwa watu wanaolipwa kidogo. Biashara yenyewe huendeshwa kwa mkataba wa kununua uwezo, ambapo shirika kubwa hupanga ratiba, huuza tiketi na hubeba hatari ya viti kubaki vitupu, na shirika la kikanda hulipwa kwa safari zilizorushwa.

Mpangilio huo ndio ufunguo wa mambo yote yanayofuata, kwa kuwa maana yake ni kwamba shirika la kikanda humwahidi rubani kituo ambacho si mali yake. Mesa Airlines, iliyokuwa na makao yake Phoenix, ilikuwa kwa miaka mingi ikiirushia American kutoka jijini humo. Mwanzoni mwa mwaka 2023 iliachana na American na kuhamishia ndege hizo kwa United, na kwa kuwa United haina kitovu Phoenix, rubani aliyejenga maisha yake hapo alijikuta akiwa na mwajiri yuleyule na nyumba ileile lakini kazi yake imehama. Vitovu vyenyewe, yaani viwanja ambako shirika kubwa hukusanya abiria kutoka pande zote na kuwagawa upya, navyo hufa. Pittsburgh ilipoteza hadhi hiyo chini ya US Airways mwaka 2004, St. Louis ilififia baada ya American kuimeza TWA mwaka 2001, Delta iliacha kuihesabu Memphis kuwa kitovu mwaka 2013, na United ikatangaza mwaka 2014 kwamba inakiondoa kitovu cha Cleveland. Comair, iliyokuwa mhimili wa Delta huko Cincinnati, ilifungwa kabisa Septemba 2012. Mwaka 2020, korona ilipoikumba dunia, Trans States na Compass zilifunga milango mwezi Aprili na ExpressJet ikafuata mwisho wa Septemba. Katika hali zote hizo walioumia zaidi ni wale waliokuwa wameufunga uamuzi wao kwenye jina la mwajiri badala ya kuuliza ni shirika gani kubwa linaloumiliki mji husika, na kama mji huo una sababu nyingine ya kuendelea kuwa na ndege.

Baada ya mmiliki wa mji kujulikana, mtawala wa pili ni orodha ya ukongwe kazini. Ukongwe hapa hauna uhusiano na umri wala umahiri: ni namba inayotolewa kwa kufuata tarehe ya kuajiriwa, na wanaoanza mafunzo siku moja hupangwa kwa umri, kwa kura, au kwa tarakimu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Kila kitu chenye thamani hugawanywa kwa kufuata namba hiyo, kuanzia kituo, aina ya ndege, ratiba ya mwezi na likizo hadi kupandishwa kuwa kapteni. Kwa hiyo mtu anapozungumzia kuchagua kituo, kwa kweli anazungumzia kuomba kituo, kwani nafasi zilizopo hutangazwa, kila rubani huandika matakwa yake kwa mpangilio, na mfumo hutembea kutoka juu ya orodha kwenda chini. Mgeni hupata kilichobaki. Ndiyo sababu wakaguzi makini wa ajira hizi hawaulizi shirika lina vituo gani, swali ambalo tovuti yoyote ya mwajiri hulijibu kwa ramani ya kupendeza, bali huuliza ni kituo kipi alichopewa rubani wa mwisho kuajiriwa, na imemchukua muda gani aliye juu yake kuhama.

Vituo hugawanyika basi kuwa vya wakongwe na vya wageni, na mgawanyiko huo mara nyingi humshangaza asiyeufahamu. Mji mdogo wenye kituo kidogo, mathalani Boise au Colorado Springs ambako SkyWest imewahi kuweka marubani, huweza kuwa mgumu kuupata kuliko jiji kubwa, kwa sababu waliofika huko ni watu wa huko, wamenunua nyumba na hawaondoki hadi wastaafu au waajiriwe kwingine. New York ni kinyume chake. Kodi za nyumba ni kubwa, foleni za barabarani hazitabiriki, viwanja vya LaGuardia, John F. Kennedy na Newark viko upande huu na ule wa jiji, na katika baadhi ya mikataba rubani wa kituo kimoja aweza kutakiwa kuripoti katika zaidi ya uwanja mmoja. Hakuna anayetaka kubaki, hivyo kila mgeni hupelekwa huko, na kila anayepelekwa huomba kuhama mara tu namba yake inaporuhusu. Hali hiyo ya mlango unaozunguka ina faida yake ya ajabu, nayo ni kwamba rubani aliye tayari kuishi New York huwapita wenzake haraka ndani ya kituo hicho, hupata ratiba nzuri mapema na hupata nafasi ya ukapteni kabla ya waliomtangulia kuajiriwa lakini wakang'ang'ania Denver au Salt Lake City.

Kipengele kinachodharauliwa zaidi na wageni, na ambacho kwa maoni ya uchambuzi huu kingepaswa kupewa uzito kuliko vyote, ni zamu ya akiba. Mashirika hayawezi kupanga safari bila kuwa na marubani wa kujaza mapengo ya ugonjwa, hali ya hewa na uchovu, na kwa kuwa kazi hiyo haipendwi, huangukia walio mkiani mwa orodha. Rubani wa akiba hana safari zilizopangwa. Ana siku za kuwa tayari, na kwa kawaida hulipwa kiwango cha chini kilichohakikishwa, ambacho katika mashirika mengi ni takriban saa 75 za kuruka kwa mwezi, hata kama hakuitwa. Akiba yenyewe ni ya namna mbili. Katika ile ya wito mfupi, rubani hupewa kipindi cha kupatikana ambacho kanuni za FAA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia usafiri wa anga, hazikiruhusu kizidi saa 14, na ndani ya kipindi hicho aweza kupigiwa simu na kutakiwa awe uwanjani baada ya muda uliotajwa katika mkataba, mara nyingi saa mbili hivi. Katika ile ya wito mrefu, mwajiri hulazimika kumwachia kwanza muda wa mapumziko wa kisheria usiopungua saa 10 kabla ya kuripoti, na mikataba mingi huongeza hapo.

Tofauti kati ya namna hizo mbili, ambayo kwenye karatasi ni ya saa chache, kwenye maisha ni ya mwezi mzima. Rubani anayeishi mjini kwenye kituo, akiwa katika wito mfupi, hupika, hulala kitandani mwake na huwachukua watoto shuleni huku simu ikiwa mfukoni, na iwapo haikuita amelipwa kwa kukaa nyumbani. Mwenzake anayeishi mbali hana budi kusafiri siku moja kabla, akalala mahali pa kulipia, akakaa siku nne au tano akisubiri simu ambayo huenda isiite, kisha atafute nafasi ya kurudi siku ambayo tayari imehesabiwa kuwa ya mapumziko. Mkataba ukimwahidi siku 11 au 12 za mapumziko kwa mwezi, na zamu zikagawanywa katika vipande vinne, basi safari za kwenda na kurudi zinaweza kula siku kadhaa kati ya hizo. Zamu hiyohiyo, yenye malipo yaleyale, ni miongoni mwa kazi nyepesi kwa mmoja na miongoni mwa kazi nzito kwa mwingine, na kitu pekee kinachowatofautisha ni anwani.

Muda wa kukaa katika akiba haumo mikononi mwa rubani. Mashirika makubwa yalipoajiri kwa kasi kati ya mwaka 2021 na 2023, marubani wa kikanda walipanda juu kadiri waliokuwa mbele yao walivyoondoka. Uajiri ulipopungua mwaka 2024, orodha ziliganda na wageni wakabaki pale walipo. Anayejiunga akiwa na matumaini ya kuvumilia umbali kwa miezi mitatu tu anaweka dau juu ya uchumi wa nchi nzima.

Kusafiri kutoka nyumbani hadi kituoni kwa ndege ni desturi ya zamani katika kazi hii, na ina mbinu zake. Rubani huweza kupanda bila malipo kwenye kiti kilichobaki kitupu, au, kabini ikijaa, kwenye kiti cha ziada ndani ya chumba cha marubani, kwa ridhaa ya kapteni na baada ya utambulisho wake kuhakikiwa katika mfumo wa kielektroniki ulioanzishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Ndege ndogo huwa na kiti kimoja tu cha namna hiyo, na katika njia zinazotoka Florida, jimbo linalopendwa na wafanyakazi wa anga, wanaokigombea ni wengi. Ubora wa njia haupimwi basi kwa maili, bali kwa idadi ya safari kwa siku, idadi ya mashirika yanayoirusha, na kuwepo kwa njia mbadala. Umbali wa saa tatu wenye safari kumi za moja kwa moja ni mwepesi kuliko umbali wa saa moja wenye safari mbili, na safari yoyote inayohitaji kuunganisha ndege mbili huongeza uwezekano wa kukwama kuliko inavyoonekana kwenye ratiba. Kanda za saa nazo zina upande: anayeishi magharibi na kufanya kazi mashariki huanza siku akiwa amepoteza saa, na kuripoti New York saa kumi na mbili asubuhi ni sawa na saa tisa usiku kwa mwili uliozoea saa za Seattle.

Mikataba mingi ina kifungu cha kumlinda rubani asafiriye, ambacho kwa kawaida humtaka awe amepanga kupanda ndege mbili tofauti zilizokuwa na nafasi na ambazo zingemfikisha kwa wakati. Zikimshinda zote, haadhibiwi. Baadhi ya mashirika hulipia pia usiku kadhaa wa hoteli kwa mwezi. Ulinzi huo ni wa kweli lakini ni mwembamba, kwa kuwa kutoadhibiwa si kulipwa, na rubani aliyekosa safari aghalabu hupoteza malipo yake.

Kwa walio wengi, suluhisho ni nyumba ya kulala ya pamoja ambayo wafanyakazi wa anga huiita kreshipedi: fleti au nyumba karibu na uwanja, iliyojaa vitanda vya ghorofa, ambapo rubani hukodi kitanda chake mwenyewe au, kwa bei nafuu zaidi, haki ya kulala kwenye kitanda chochote kitakachokuwa kitupu. Mtaa wa Kew Gardens huko Queens, ulio kati ya LaGuardia na John F. Kennedy, umekuwa na wapangaji wengi wa aina hii kiasi cha kupewa jina la utani linalowataja wafanyakazi wa ndege. Gharama yake kwa mwezi si ya kutisha. Kinachogharimu ni ubora wa usingizi katika chumba ambacho watu wanne wanaamka saa nne tofauti, na jambo hilo si la starehe tu.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air iliyokuwa ikirushwa kwa jina la Continental Connection, safari namba 3407 kutoka Newark, ilianguka Clarence Center karibu na Buffalo na kuua watu wote 49 waliokuwamo pamoja na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Kituo cha marubani wote wawili kilikuwa Newark. Kapteni aliishi Florida. Rubani msaidizi aliishi upande wa Seattle, na usiku wa kuamkia siku ya ajali alivuka nchi nzima kwa ndege za mizigo, akibadilisha ndege Memphis, ili awahi kuripoti. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, NTSB, katika ripoti yake ya mwaka 2010, ilitaja kuwa chanzo ni namna kapteni alivyojibu kimakosa onyo la ndege kukaribia kupoteza mnyanyuko, na ikaeleza kwamba uchovu huenda uliwapunguzia marubani uwezo, ingawa haikuweza kupima kwa uhakika ulichangia kiasi gani. Uchunguzi huohuo ulibaini kwamba kati ya marubani 137 wa Colgan waliokuwa na kituo Newark, 93 walijieleza kuwa husafiri kutoka mbali. Takwimu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu watu 93 hawawezi wote kuwa wazembe au wapenda fukwe za Florida; inaonyesha kituo kilichowekwa katika mojawapo ya maeneo ghali zaidi nchini, kikihudumiwa na marubani wasaidizi ambao mishahara yao ya mwanzo wakati huo ilikuwa chini ya dola 25,000 kwa mwaka. Kampuni ilichagua mji kwa hesabu zake, na wafanyakazi wakachagua kutoishi humo kwa hesabu zao.

Sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 2010 kutokana na ajali hiyo ilibadilisha mengi. Saa 1,500 za kuruka zikawa sharti la kawaida kwa rubani msaidizi kuanzia mwaka 2013, zikiwa na punguzo kwa waliotoka jeshini na kwa wahitimu wa baadhi ya vyuo. Na kanuni mpya za mapumziko zilizoanza kutumika Januari 2014 zikaweka saa 10 za mapumziko kabla ya kazi, ndani yake mkiwa na nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Kusafiri kutoka nyumbani hakukudhibitiwa. Baraza la Taifa la Utafiti, lililopewa kazi ya kulichunguza suala hilo, liliona mwaka 2011 kwamba hakukuwa na takwimu za kutosha kuhalalisha kanuni ya umbali. Kilichobaki ni sharti kwamba rubani athibitishe kabla ya kila safari kuwa yu timamu kwa kazi, na kwa njia hiyo matokeo ya kisheria ya kuishi mbali yaliwekwa juu ya saini ya rubani mwenyewe. Uchambuzi wowote wa kituo unaokiacha kipengele hicho nje na kubaki na hesabu za kodi ya nyumba una kasoro ya msingi.

Hesabu za fedha hata hivyo zimebadilika sana tangu siku za Colgan. Mwaka 2022, uhaba wa marubani ulipokuwa mkali, Piedmont, Envoy na PSA zilipandisha malipo ya rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza hadi dola 90 kwa saa, mwanzoni sehemu yake ikiwa nyongeza ya muda. Kwa kiwango cha chini cha saa 75 kwa mwezi hiyo ni dola 81,000 kwa mwaka. Hoja ya zamani kwamba mgeni hawezi kumudu kuishi kwenye kituo imepoteza nguvu katika miji kama Dallas, Charlotte, Minneapolis au Detroit, na imebaki na uzito huko New York, San Francisco na Los Angeles. Kodi ya mapato ya majimbo nayo huingia hapa kwa njia isiyotarajiwa. Sheria ya shirikisho husema kwamba mfanyakazi wa ndege anayeruka katika majimbo mengi hutozwa kodi hiyo na jimbo analoishi, pamoja na jimbo ambalo zaidi ya nusu ya mapato yake hupatikana humo, jambo ambalo kwa rubani wa kawaida halitokei. Aliye na kituo New York lakini akaishi Florida, Texas, Tennessee au Washington, majimbo yasiyotoza kodi kwenye mshahara, huokoa fedha za kweli. Hoja hiyo hutumiwa sana kutetea maisha ya kusafiri, na mara nyingi hutiwa chumvi, kwa kuwa mamlaka ya kodi ya shirikisho huuhesabu mji wa kituo kuwa ndio makazi ya kikazi ya rubani, hivyo gharama za kreshipedi na za kufika kituoni hazipunguzi kodi hata senti moja.

Kutokana na hayo yote, mpangilio wa busara wa maswali ni kinyume cha ule unaofuatwa na wengi. Walio wengi huchagua mwajiri kwa aina ya ndege, kwa donge la kusaini mkataba au kwa kasi ya kupanda cheo, kisha huanza kuhangaika na kituo. Inafaa zaidi kuanza na mji ambao rubani na familia yake wanaweza kuishi kwa miaka mitano pasipo kinyongo, kuangalia mashirika ya kikanda yenye kituo kinachopatikana kwa wageni katika mji huo, kisha kulinganisha mishahara ya hayo tu. Familia za Waafrika Mashariki zilizokita mizizi huko Minnesota zinaweza kuliona hili kwa urahisi, kwani kijana wao aliyehitimu urubani ana Endeavor, yenye makao na kituo Minneapolis, karibu na nyumbani kwa wazazi. Kuiacha kwa ajili ya dola chache zaidi kwa saa katika shirika lisilo na kituo huko ni biashara inayohitaji kutetewa kwa hoja nzito. Kazi ya mwenzi wa ndoa, malezi ya watoto wadogo na wazazi wanaozeeka ni sababu halali za kutohama, lakini ni sababu za kumchagua mwajiri mwingine kabla ya kuwa sababu za kupanda ndege kila wiki.

Ugumu wa kweli huja baadaye, rubani anapofikisha saa 1,000 katika shirika la aina hii na kustahili kisheria kuwa kapteni. Nafasi za ukapteni hufunguka kwanza katika vituo vya wageni, hivyo rubani msaidizi aliyetulia Charlotte, mwenye ratiba nzuri na wikendi za mapumziko, hutakiwa kuamua kama atakwenda kuwa kapteni wa mwisho kabisa huko New York, arudi kwenye akiba na kusafiri, au abaki alipo. Mshahara wa ukapteni ni mkubwa zaidi, na saa za kuruka akiwa kiongozi wa ndege huthaminiwa na mashirika makubwa. Hapa kusafiri kwa muda, kwa lengo linalojulikana na mwisho unaokadirika, kunaweza kuwa uamuzi sahihi. Aliyekwisha kulijua shirika lake, ndege yake na mwendo wa orodha yuko katika nafasi tofauti kabisa na mgeni anayejifunza vyote kwa pamoja huku akilala kwenye kitanda cha kukodi. Anayekataa nafasi hiyo naye hastahili kuonwa kuwa mvivu, ingawa katika vyumba vya mapumziko vya marubani huonwa hivyo.

Rubani anapoajiriwa na shirika kubwa, namba yake ya ukongwe huanza upya, na kwa kuwa umri wa lazima wa kuacha kazi ni miaka 65, kila mwaka uliopotea chini hukatwa kutoka juu, kwenye miaka yenye mshahara mnono. Mji wenye thamani kubwa zaidi kwa mgeni basi ni ule utakaoendelea kumfaa baada ya mabadiliko hayo. Marubani wa Envoy, PSA na Piedmont wana mpango wa kupokewa na American kwa zamu ya ukongwe wao, na anayeishi Dallas akiwa Envoy aweza kumbadilisha mwajiri bila kubadilisha shule ya watoto. Anayeishi Denver akiirushia SkyWest ana United yenye kitovu hapo, Southwest yenye kituo cha marubani hapo, na Frontier yenye makao yake makuu hapo. Anayenunua nyumba Dayton, mji tulivu wa Ohio ulio nafuu na ambako PSA ilikuwa na makao yake, amepata kituo kizuri cha kikanda katika mji ambao hakuna shirika kubwa lenye kitovu. Siku ya kuondoka PSA itakuwa siku ya kuanza kusafiri, na mwaka 2025 PSA yenyewe ilitangaza kwamba inahamishia makao yake Charlotte.